Kumbukumbu ya Mtu Aliye Hai

Nyeri,
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa Baba,

Nakusalimu sana, na wote walio hapa wanakusalimu. Natumaini baridi ya huko Embu haijakuzidi na ile sweta ya bluu Mama aliyokuletea bado hujaibiwa.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, maana ile barua ya Kikuyu ilirudishwa ati afande anayesoma si mtu wa kwetu. Afande, nakusalimu pia.

Mama ni mzima. Karoti zimejaa sokoni Karatina mpaka watu wanazikanyaga, kwa hivyo siku hizi amerudia kabichi. Kinyua yuko kidato cha pili sasa na miguu yake imekua vibaya, anavaa viatu vyako vya kazi na vinamtosha. Nyanya yetu, Cucu wa Kangema, goti linamsumbua lakini bado anashuka shambani kuchuma chai na kugombana na kila mtu. Alisema nikuambie ule vizuri. Nilimwambia, Cucu, huko hawachagui chakula, akasema ale tu.

Kanisani bado tunakalia yale mabenchi manne ya muthaiti, ule mti uliokatazwa kukatwa, uliyomaliza kabla askari wa misitu hawajaja. Bado yananukia. Mzee Ngatia, aliyekuagiza utumie muthaiti na si mti mwingine, hukaa benchi la kwanza. Akikutana na Mama nje humwangalia kama mtu anayeangalia ukuta. Wacha, sikutaka kukuandikia hayo.

Sasa, Baba, niko na shida ya kazi. Huu ni mwaka wangu wa mwisho wa diploma, na mwezi wa tano kutakuwa na maonyesho ya samani hapa Nyeri, siku tatu. Watakuja wenye viwanda, wenye hoteli, mafundi wa kila mahali. Chuo chetu kitachagua timu nane tu kati ya ishirini. Timu yangu ni mimi na Beverlyne, yule msichana wa Busia ambaye baba yake alikuwa polisi hapa. Tunatengeneza kiti cha mbao ya mukima, bila msumari wala skrubu hata moja. Kwa karatasi kinapendeza ajabu. Kwa sakafu ni aibu. Juzi Beverlyne alikikalia mbele ya darasa zima, mguu ukachomoka, akaenda chini na sketi yake. Mwalimu Deepak alisema, "Wamuyu, hicho ni kiti au ni mtego?" Darasa likacheka mpaka basi.

Viti vyako havikulegea kamwe. Nakumbuka sufuria ya mchanga juu ya jiko, nakumbuka ukinifukuza nisiguse, lakini nilikuwa mdogo. Ulikuwa unafanya nini na huo mchanga? Tafadhali nieleze polepole.

Sijakuja tangu mwezi wa nane. Ni kazi ya chuo, Baba, si unajua.

Ni mimi mtoto wako,
Wamuyu

~

Gerezani,
3 Februari 2025

Kwa binti yangu Wamuyu,

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na saba, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi mbaya kuliko ya kiti chenu. Nimefurahi. Afande amesema asante kwa salamu.

Mimi sina ugonjwa. Sweta iko. Mwambie Cucu nakula, na goti alikande kwa maji ya moto, na aache kugombana na watu kwenye mteremko kwa sababu ataanguka. Mwambie Kinyua viatu hivyo avipake mafuta, ni ngozi halisi. Habari za Ngatia nimezisoma na nimeziweka kando. Mbao zilikutwa kwangu, si kwake. Miaka mitano ni yangu.

Hapa karakana ni kubwa kuliko yangu ya Karatina mara kumi. Tunatengeneza viti na meza za ofisi. Niko na vijana sita wa kufundisha na wananiita Mwalimu. Mmoja, Munene, alikuja hajui kushika randa, sasa anakataa mtu mwingine asishike randa yake.

Haya, sikiliza kazi. Nyinyi mmekausha kila kitu sawasawa, ndiyo maana mguu unachomoka. Mbao yenye tundu isikauke sana, iwe na unyevu kidogo bado. Ulimi wa mguu, ncha inayoingia tunduni, ndio ukauke kabisa. Weka mchanga safi wa mto kwenye sufuria, juu ya moto mdogo, chomeka ndimi humo kama viazi. Si wewe kuondoka kwenda kupiga stori. Unakaa hapo. Zikianza kunukia kama mkate, toa. Ulimi utakuwa umepungua kidogo, uchonge wakati huo, si kabla, uingie kwa kubanwa. Piga nyundo ukisikiliza. Sauti itakuwa *to, to, to*, halafu itabadilika iwe *ti*. Ikisema *ti*, acha! Ukiongeza pigo moja umepasua. Baada ya hapo ulimi utanyonya unyevu wa tundu, uvimbe humo ndani, na hakuna mtu atakayeutoa tena. Hakuna haja ya gundi.

Kwa upande wa chini mimi huacha ulimi utokeze upana wa kidole, nauchana katikati na kuingiza kabari. Mafundi wengine huikata iwe sawa na mbao. Mimi huiacha ionekane. Kazi uliyoifanya vizuri unaificha ya nini?

Nina swali, na usilijibu kama ni zito. Wenzako huko chuoni wakikuuliza baba yako yuko wapi, huwa unawaambia nini?

Ni mimi baba yako,
Theuri

~

Nyeri,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Baba,

Salamu nyingi! Sisi wazima. Mvua imeanza, Mama anasema kabichi zitapasuka. Kinyua alipaka viatu mafuta, vikang'aa, na mwalimu mkuu akamuuliza kama anaenda harusi.

Baba, kimesimama! Tuliungua vidole, tukachoma ndimi mbili zikawa makaa kwa sababu Beverlyne alinichekesha, lakini ile ya tatu ilisema *ti*. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikapiga kelele, watu wakadhani nimejikata. Mwalimu Deepak alikuja akakikalia, kisha akasimama juu yake kwa viatu, na Mwalimu Deepak si mtu mdogo. Babu yake aliuza mbao hapa Nyeri, anajua mbao. Alipiga magoti akaangalia kabari kwa chini. Kisha akasema, "Hii hamkuipata kwa kitabu."

Tumechaguliwa! Ni sisi na timu nyingine saba. Maonyesho ni tarehe kumi na tano hadi kumi na saba mwezi wa tano.

Nimekuwekea picha ya kiti tulipokionyesha darasani. Huyo anayecheka pembeni ni Beverlyne.

Sina mengine. Kazi ni nyingi sana, sijui kama nitaweza kuja kabla ya maonyesho.

Ni mimi,
Wamuyu

~

Gerezani,
30 Machi 2025

Kwa binti yangu,

Nimepata barua na picha. Salamu kwa wote. Mama yako asingoje kabichi zipasuke, auze kwa wenye hoteli.

Kiti nimekiangalia mpaka taa zikazimwa. Mgongo umeinama vizuri, sikukufundisha hilo, ni akili yako. Mguu wa nyuma wa kushoto umeenda nje kidogo. Usiniambie ni picha. Hata hivyo hongera. Nimeonyesha karakana yote. Munene amesema hakuna mwanamke anayeweza kuchonga hivyo, nikamwambia akae hapo na ujinga wake.

Picha imekatwa kwa makasi upande wa kulia. Kulikuwa na kitu ukutani, kadi labda, imebaki herufi K peke yake. Nilidhani afande ameikata, akaapa si yeye.

Sasa niko na habari. Kila mwaka gereza hupeleka kazi za karakana kwenye maonyesho. Mwaka huu tunaleta Nyeri, kwenye hayo hayo maonyesho yenu! Wanachukua wafungwa sita wa kueleza wateja kazi ilivyofanywa. Afande Kahiga ameniandika wa kwanza. Tutakuwa humo ndani ya ukumbi siku zote tatu, Wamuyu. Nitaona kiti chako kwa macho, si kwa picha.

Lakini najua nitakavyokuwa nimevaa. Ni hizi nguo za mistari, hakuna nyingine, hata zikipigwa pasi ni zile zile. Kwa hivyo nakuuliza mapema. Nikusalimie, au nipite? Ukisema nisije kabisa, nitasema tumbo linaniuma, na Munene atachukua nafasi yangu. Niandikie tu neno moja. Sitakasirika.

Baba yako,
Theuri

~

Gerezani,
4 Mei 2025

Wamuyu,

Natumaini mko wazima. Sijapata jibu lako. Labda barua imepotea njiani, mambo ya posta. Orodha ya wanaokuja Nyeri inafungwa kesho.

Theuri

~

Nyeri,
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwa Baba,

Sijui niandike salamu gani. Mama mzima, Kinyua mzima, Cucu mzima. Mimi si mzima, lakini si ugonjwa.

Barua yako haikupotea. Niliipata tarehe kumi mwezi wa nne. Nilikuandikia majibu mara nne na kuchana mara nne. Neno moja uliloomba lilinishinda.

Nitakuambia yote tangu mwanzo, na afande atasoma, na asome tu.

Wiki ya kwanza chuoni, miaka mitatu iliyopita, ulikuwa umefungwa mwezi mmoja tu. Tuliketi mduara tukiambiwa kila mtu aeleze kwao. Aliyenitangulia alikuwa Beverlyne. Alisema baba yake alikuwa sajini, aligongwa na lori akiwa kazini barabara ya Kenol, na akalia. Watu wote wakawa wapole naye. Kisha wakanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kusema uko safarini. Mdomo ukasema, "Wangu pia amefariki." Baba, nilisema hivyo nikiangalia watu machoni! Beverlyne akanishika mkono, na tangu siku hiyo hajauachilia. Ndiyo maana tulikuwa timu. Ndiyo maana kiti kikaitwa *Kiti cha Baba*. Kila mwaka siku ya ukumbusho wa baba yake alinunua mishumaa miwili, mmoja wake na mmoja wako, na mimi niliuwasha.

Ile K uliyoiona ni ya "Kwa kumbukumbu". Kadi ilisema: *Kwa kumbukumbu ya baba zetu, marehemu Seth Ouko na marehemu Theuri.* Nilikata picha kwa makasi ya Mama.

Ulipoandika ati unakuja, nilifikiri nitaitoa kadi usiku wa kuamkia siku hiyo. Kumbe Beverlyne alikuwa ameichapisha upya iwe kubwa, kama zawadi kwangu, ameshaibandika ukutani kwa gundi. Alisema, "Wazee wetu lazima waonekane."

Alhamisi mlipofika nilikuona kabla hujaniona. Umekonda. Nilijificha banda la jirani nikijifanya natafuta msasa. Kutwa nzima nilitafuta msasa. Wewe hukuja upande wetu hata mara moja, na nikasema moyoni, Mungu ni mwema, Baba hajaiona kadi. Tazama nilivyoomba.

Ijumaa unajua kilichotokea, lakini hujui kilichokuwa ndani yangu, kwa hivyo nitakieleza. Yule mama mwamuzi mwenye miwani alitoka kwenye viti vyenu, akaja kwetu, akapindua kiti chetu miguu juu. Akaona kabari imeachwa nje upana wa kidole. Akasema, "Hii nimeiona sasa hivi pale kwa gereza. Nani amemwiga mwenzake?" Akamwomba Afande Kahiga akulete.

Ukaja. Ukasimama futi tatu kutoka kwangu. Harufu yako ilikuwa sabuni ya kipande na mbao. Ukasoma kadi polepole, midomo ikitembea kama unavyosoma Biblia. Nilijua umefika kwa jina lako kwa sababu midomo ilisimama.

Mwamuzi akauliza, "Fundi, huyu msichana amejifunza kwako?" Ukasema, "Hapana, mama. Kiungo hiki mafundi wengi wa Mathira wanakijua." Akauliza jina lako aandike. Ukasema, "Munene." Afande Kahiga alikugeukia akakuangalia, halafu akaangalia dari.

Kisha ukapiga magoti, ukagonga kabari kwa kucha, ukasikiliza, ukasema, "Poleni kwa msiba, wasichana. Huyu marehemu aliwafundisha vizuri." Na Beverlyne, asiyekujua, akainamisha kichwa akasema, "Asante, Baba."

Yeye ndiye aliyekuita Baba. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia vumbi, nikaendelea kufuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, na wewe ukasimama, magoti yakalia, ukaenda.

Jumamosi jioni walitangaza. Kiti chetu kimechaguliwa kupelekwa maonyesho makubwa ya Nairobi mwezi wa nane. Watu walipiga makofi na Beverlyne akanikumbatia akisema, "Wangekuwepo!" Lori lenu lilikuwa likipakia mlangoni. Nilikuona ukipanda. Hukugeuka.

Hapo ndipo nilipomwambia. Sijui kwa nini sikuweza saa moja mapema. Nilimwambia, "Bev, yule fundi wa gereza ni baba yangu." Alicheka kwanza. Kisha akaniangalia. Hakunipiga, ningependa angenipiga. Alisema, "Wangu akiwa hai, hata akiwa na hizo nguo, hata akiwa na pingu, ningemshika mbele ya ukumbi wote. Wewe ulikuwa naye na ukamzika." Akabandua kadi kwa kucha, vipande vipande, akaacha jina la baba yake tu. Hajaongea nami tangu siku hiyo isipokuwa kuhusu kazi.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikawaambia. Kuna walioguna, kuna aliyecheka. Mwalimu Deepak alivua miwani akaifuta muda mrefu. Alisema kiti kitaenda Nairobi kwa sababu kiti hakijadanganya mtu, lakini kadi iandikwe upya, na wanaohusika wakubaliane. Beverlyne amekubali, kwa sharti moja, ati wewe ndiye uamue la kuandika juu yako.

Mama nilimwambia jikoni. Alifunika sufuria, akatoka nje, na siku mbili hakuniita kwa jina.

Nimekuwekea kadi tupu ndani ya bahasha. Andika unachotaka. Ukitaka jina lako lisiwepo, acha. Ukitaka kuniandikia mimi maneno mabaya, andika, nitaibandika hivyo hivyo Nairobi wasome.

Naona haya, Baba. Naona haya kuliko nilivyowahi kukuonea wewe, na hiyo ndiyo haya iliyonifikisha hapa. Nilitaka kuuliza kama naweza kuja, lakini sina mdomo wa kuuliza.

Wamuyu

~

Gerezani,
19 Juni 2025

Kwa binti yangu Wamuyu,

Pokea salamu. Mimi mzima. Barua yako nilikuwa nayo tangu tarehe tano na sikuweza kuijibu upesi, kwa hivyo sasa tumelingana.

Mwambie mama yako akuite kwa jina. Mwambie nimesema. Wazee walisema mtu akizushiwa kifo huishi miaka mingi, basi umenipa miaka na hukujua. Munene ananidai tangu nilipotumia jina lake, anasema sasa nikifanya kosa lolote litaandikwa kwake. Cheka kidogo, halafu usome yanayofuata.

Wewe umeungama, na mimi sitanyamaza. Hukunijibu, na kutojibu pia ni jibu. Baba mwema angesema tumbo linamuuma. Ile herufi K niliielewa, Wamuyu. Fundi akiona kipande hujua mbao nzima. Sikujua jina langu litakuwepo, lakini nilijua kuna kitu unanificha, na nilikuja ili nikuone ukiniona. Nilikuja nikiwa na hasira ndani ya zile nguo zilizopigwa pasi. Nikiwa mbele ya kadi hasira ikaisha ghafla, nikabaki na aibu. Niliona kuwa mimi ndiye niliyekupa la kuficha. Ile miti niliikubali nikijua inatoka wapi, Ngatia hakunishika mkono. Nilitaka kanisa liseme hakuna fundi kama Theuri.

Na kuna lingine. Ijumaa hiyo jioni, kwenye lori la kuturudisha kulala, mwenzangu mmoja aliniuliza, "Yule msichana wa kiti alikuwa analia nini?" Nikasema, "Sijui. Mtoto wa watu." Basi nimekukana na mimi, siku hiyo hiyo, na hakuna aliyenilazimisha.

Beverlyne umpe heshima. Alivyosema ni kweli. Mwambie yule fundi aliyempa pole kwa msiba wa baba yake anampa pole kwa mara ya pili, na hii ya sasa ni kwa jina langu la kweli. Mshumaa ulioniwashia, mwakani umwashie Seth wake, uwe wa pili.

Kadi nakurudishia ilivyo, tupu. Si kazi yangu kuiandika.

Nitakuambia kwa nini. Mwezi wa nane mwaka jana, wiki ile uliyokuja mara ya mwisho, niliitwa mlangoni kutengeneza meza ya wageni. Ilikuwa ikiyumba, mguu mmoja umelegea. Kitabu cha wageni kilikuwa juu yake kimefunguliwa, nikakisogeza. Nikaona mwandiko wako. Jina la mgeni: Wamuyu. Anamtembelea: Theuri. Halafu pale wanapouliza, ni nani wako, ulikuwa umeandika *jirani*.

Sikukuambia. Nilichonga ulimi mpya, nikaukausha kwenye mchanga, nikausikiliza mpaka uliposema *ti*. Nikarudi ndani.

Siku ya wageni ni Jumamosi, kuanzia saa tatu. Kitabu ni kile kile. Afande wa mlangoni huuliza kwa sauti na watu wakiwa kwenye foleni wanasikia. Uje na kadi yako, lakini uanze na kitabu. Meza haiyumbi sasa, utaandika vizuri.

Ni mimi baba yako,
Theuri